Mtoto Aliyefundishwa Nyumbani na Jicho la Serikali



Katika vikundi vyetu vya parokia hapa Kisangani kuna swali ambalo limerudi mara nyingi. Mtoto asiyekwenda shule, bali hufundishwa na mzazi wake au na mwalimu anayekuja nyumbani, je, Serikali ina haki ya kumwita na kumpima? Baadhi yenu mmejibu haraka kwamba mtoto ni wa wazazi wake na hakuna ofisi inayopaswa kuingia kati. Wengine mmesema kwamba asiye na karatasi ya Serikali hajasoma. Sisi tuliofundwa ualimu kabla ya kuwa wakatekista tunaona kwamba majibu yote mawili yamesahau tulikotoka. Jambo hili lina historia hapa petu penye maporomoko, na ni vema tuipitie kabla ya kuamua.

Kabla ya shule yoyote kuezekwa kando ya mto huu, watoto walikuwa na walimu. Mtoto wa Wagenia alijifunza kwa baba na wajomba zake kusimika miti katika maji makali na kufunga mitego mikubwa ya vikapu. Mtoto wa Walokele, upande wa Yakusu na Isangi, alijifunza kuisikia na kuipiga ngoma ya mti inayosema. Kipimo kilikuwepo pia: mtego uliofungwa vibaya ulichukuliwa na maji, na ujumbe uliopigwa ovyo haukueleweka kijiji cha pili. Mmisionari wa Kiprotestanti John Carrington, aliyeishi Yakusu na kutoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alisikitika kuona vijana waliokwenda shule wakiipoteza lugha hiyo. Tulikumbuke hilo tunapozungumzia mitihani: yako maarifa ya kweli ambayo hakuna karatasi ya mtihani inayoyauliza.

Walikuwepo pia Waungwana, waliofika na wafanyabiashara kutoka pwani ya mashariki katika siku za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya liwali wa Stanley Falls. Kwao mtoto aliketi chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Lugha hii tunayoiandika leo ilitufikia kwa njia hiyo, wala si kwa njia ya shule ya Serikali.

Serikali iliingia katika malezi ya mtoto kwa mlango mchungu. Amri ya tarehe 12 Julai 1890 iliipa Dola Huru ya Kongo ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani, pamoja na yatima na watoto walioachwa. Amri ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu mashirika ya hisani na ya dini kuwapokea watoto wa namna hiyo. Maneno ya amri hizo yalikuwa ya huruma. Lakini ni nani yatima katika kijiji ambacho shangazi ni mama na baba mdogo ni baba? Tume ya uchunguzi iliyozunguka nchini mwaka 1904 na 1905 iliona kwamba wengi wa watoto walioitwa yatima katika vituo vya misioni upande wa Kwango walikuwa na jamaa zao. Tunayasema haya kwa unyenyekevu, kwa kuwa misioni za Kanisa letu zilihusika. Hilo ndilo kosa la kwanza: mamlaka inayomwangalia mtoto bila kuwauliza wazazi wake huishia kumchukua.

Kwetu hapa, Padri Gabriel Grison wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli siku ya Noeli ya mwaka 1897. Miaka tisa baadaye, tarehe 26 Mei 1906, Vatikano na Dola Huru ya Kongo walitia sahihi mapatano. Misioni zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Programu ya masomo ilipaswa kupelekwa kwa Gavana Mkuu, na kila mkuu wa misioni alitakiwa kutoa taarifa juu ya idadi ya wanafunzi na maendeleo yao. Hapo ndipo ulipoanza ukaguzi wa masomo katika nchi yetu kwa maandishi. Angalieni lakini ni nani walioketi mezani: Mfalme na Kanisa. Mzazi Mkongo hakuwa na kiti.

Katika miaka ya 1920, baada ya tume iliyoundwa na waziri wa makoloni Louis Franck, Serikali ya Ubelgiji ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni za Kikatoliki zilizokubali programu yake na wakaguzi wake. Shule za Kiprotestanti zilingoja hadi mwaka 1948. Kwa muda huo wote, mtoto wa Yakusu aliweza kujua kusoma na kuhesabu sawasawa na mwenzake wa Mtakatifu Gabrieli, huku shule yake ikinyimwa msaada huo. Kipimo kilimtazama mwenye shule kabla ya kumtazama mtoto.

Baada ya uhuru, mji wetu ulipita katika moto wa mwaka 1964, na watoto wengi walipoteza masomo yao. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha Mtihani wa Serikali mwishoni mwa sekondari. Mara nyingi tunaulalamikia mtihani huo, na baadhi ya malalamiko ni ya haki. Lakini tukubali wema wake: mtoto wa Lubunga na mtoto wa Kinshasa hujibu maswali ya namna moja, na jina la shule yake peke yake halimpi alama. Hata asiyetoka katika shule yoyote hakufungiwa nje. Mtahiniwa aliyejifunza mwenyewe huandikishwa kama mtahiniwa huru, hupimwa kwanza, kisha huketi pamoja na wengine.

Historia ikatuonyesha kosa la pili. Mwishoni mwa mwaka 1974, utawala wa Mobutu ulizitwaa shule zote za makanisa. Haukupita muda, Serikali yenyewe ikaona kwamba haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mkataba na Kanisa Katoliki, la Kiprotestanti na la Kimbangu: Serikali iendelee kuweka programu, kukagua na kulipa mishahara, makanisa yaongoze. Ndiyo shule za mkataba ambazo wengi wenu mmesoma.

Kosa la tatu lilikuwa kinyume cha la pili. Kuanzia miaka ya 1992 na 1993, mishahara ya walimu ilipokuwa haifiki, wazazi ndio waliobeba shule kwa michango yao. Serikali iliyotaka kumiliki kila kitu ilikuwa sasa haionekani. Watoto ambao wazazi wao hawakuwa na mchango walirudi nyumbani, na nyumbani ndipo wengi wao walipofundishwa, au hawakufundishwa kabisa.

Hapa tunapaswa kusema yaliyotupata sisi wenyewe. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku 6. Baada ya hapo baadhi ya wazazi waliogopa kuwaachilia watoto wao waende mbali. Tulikuwa vijana, tukawakusanya watoto kadhaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, tukawafundisha kwa miezi mingi bila malipo. Tulijivuna moyoni. Waliporudi shuleni walipewa jaribio. Walisoma vizuri na imla yao ilipendeza, lakini kugawanya sehemu na kupima eneo hawakujua. Sababu ilikuwa sisi: masomo hayo hatukuyapenda, nasi tuliyaahirisha wiki hata wiki. Msichana mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliwekwa madarasa mawili chini ya umri wake. Hakuistahimili aibu, akaacha shule. Kama mtu mmoja mwenye ujuzi angetutembelea mwezi wa pili na kuuliza maswali kumi tu, tungejirekebisha mapema. Nia yetu ilikuwa njema, lakini nia njema haikumfundisha mtoto yule hesabu.

Leo sheria inasema nini? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Kifungu hicho hicho kinasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za Serikali. Kifungu cha 45 kinasema kufundisha ni huru, lakini chini ya uangalizi wa mamlaka ya umma. Haki ya mzazi na wajibu wa Serikali vimewekwa karibu karibu, makusudi. Hata hivyo kifungu cha 43 kinapotaja mahali pa kufundishia, kinataja shule za umma na shule binafsi zilizokubaliwa. Nyumba haikutajwa. Basi mtoto anayefundishwa nyumbani ana mzazi mwenye haki, lakini yeye mwenyewe hana daftari linalomtambua mpaka siku ya mtihani.

Ziko njia zilizofunguliwa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua elimu isiyo ya shule ya kawaida. Katika vituo vya kufidia masomo, mtoto aliyechelewa hupita programu ya miaka 6 ya shule ya msingi kwa miaka 3, kisha huketi mtihani wa taifa wa mwisho wa msingi. Tangu ugomvi wa Wambole na Walengola ulipolipuka Lubunga mwaka 2023, mji wetu umepokea watoto waliohama makwao. Kwao njia hizi si habari ya vitabuni.

Nchi nyingine zimehangaika na swali hilo hilo. Ubelgiji, iliyotuletea ukaguzi, iliruhusu masomo ya nyumbani tangu sheria yake ya mwaka 1914 ya elimu ya lazima. Leo katika sehemu inayosema Kifaransa, mtoto wa namna hiyo hukaguliwa kiwango chake anapofikia miaka 8 na 10, kisha hufanya mitihani ya cheti kama wenzake. Mzazi anachagua, na mtoto hangoji hadi utu uzima ndipo ajue alichokosa.

Mafundisho ya Kanisa yanalingana na hayo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, linawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu. Linaipa Serikali kazi ya kuwasaidia, kulinda haki ya mtoto na kuangalia ubora wa masomo, na linakataa Serikali kuhodhi shule zote. Ukilisoma tamko hilo ukiwa na historia yetu mkononi, utaona linajibu makosa yote matatu.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali lenu ni hili: ndiyo, Serikali ina haki ya kumpima mtoto aliyefundishwa nyumbani, kwa sababu haki hiyo kwanza ni ya mtoto mwenyewe. Lakini kupima kuna masharti. Mzazi aarifiwe na asikilizwe. Kipimo kije mapema, wakati kosa bado linarekebishika. Wala kipimo kisiuzwe. Mtihani unaonunuliwa huwaumiza wote, lakini humuumiza zaidi mtoto asiye na shule ya kumshuhudia, kwa maana cheti kile ndicho ushahidi wake pekee.

Ninyi mnaowafundisha wadogo zenu au watoto wa majirani, shikeni mambo matatu. Wekeni daftari la siku, lionyeshe mlichofundisha na mlichoruka. Tafuteni programu ya taifa ya darasa husika, msifuate mapendo yenu. Na kila baada ya miezi mitatu mwombeni mwalimu wa shule ya jirani awapime watoto hao, hata kama matokeo yatawaaibisha ninyi. Afadhali aibu yetu sisi walimu kuliko ya mtoto.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni watoto gani wanaofundishwa nyumbani, na nani anajua wamefikia wapi?

2. Ni maarifa gani ya wazee wetu ambayo mtihani hauulizi, nasi tunapaswa kuyarithisha?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia nani, mwaka huu, aandikishwe kwa mtihani au katika kituo cha kufidia masomo?