Spear wa Kikuubo: shujaa aliyekuwa chini ya maboksi ya sabuni

Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Nilitaka kuandika juu ya vita, lakini vita tumeshaandika sana. Leo naandika juu ya gazeti moja kuukuu la picha.

Ilikuwa hivi. Kikundi kilinituma Kampala kununua madaftari na kalamu za masomo ya jioni. Kwa bei ya jumla, wote mnajua, ni Kikuubo. Kwa wale ambao hawajafika: kwa Kiluganda jina hilo ni kichochoro, na kweli ni kichochoro, katikati ya mji, karibu na Nakivubo. Wabebaji wanapita na magunia kichwani wanapiga kelele uwapishe. Ukisimama kuangalia simu, unasukumwa na sukari. Wenye maduka wengi wanasikia Kiswahili, sababu wateja wanatoka mpaka Kongo.

Ile siku mvua ikanyesha kwa nguvu. Mzee wa duka nililokuwa nanunua akaanza kusogeza maboksi ya sabuni ili maji yasiyafikie, nami nikamsaidia. Chini kabisa kulikuwa na boksi dogo, ndani yake karatasi za zamani, na juu yake gazeti lenye jina African Film. Jalada lilikuwa limechanika, namba ya toleo imeliwa na mende, kurasa za mwisho hazipo. Lakini yule mtu alionekana vizuri: Mwafrika mweusi, kofia ya panama, tai ya kipepeo, suti safi, bastola mkononi.

Nikauliza, "Mzee, huyu ni nani?"

Akanitazama kama nimeuliza Nyerere ni nani. "Wewe kijana, humjui Spear?"

Basi nikakaa mpaka mvua ikakatika, na baada ya kurudi nikatafuta habari zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake kamili ni Lance Spearman. African Film lilitolewa na kampuni ya Drum, ile ya gazeti la Drum lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951 na likawa mali ya Jim Bailey, Mzungu, mtoto wa tajiri wa migodi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadithi za Spear zilisomwa Nairobi, Kampala, Lagos, Accra na miji mingine mingi. Halikuwa gazeti la kuchora. Watu wa kweli walivaa, wakasimama mbele ya kamera, wakapigwa picha moja moja, halafu maneno yao yakaandikwa juu ya picha. Ni kama sinema uliyoshika mkononi. Hata mtu asiyejua kusoma vizuri aliifuata hadithi.

Spear hakuruka angani kama Superman, aliyetokea Marekani mwaka 1938. Alikuwa mpelelezi. Aliendesha Corvette Stingray, alivuta sigaa, alipigana na wabaya wenye majina ya kutisha kama Rabon Zollo na Dr. Devil. Alikuwa na wenzake: Sonia, Kapteni Victor wa polisi, na kijana mdogo Lemmy. Watu wengi walimwita James Bond wa Afrika. Na angalieni tarehe: Marvel walimtoa Black Panther mwaka 1966. Sisi wengi tulimjua kwa sinema ya 2018, tukafikiri shujaa mweusi ni kitu kipya. Kumbe babu zetu walikuwa na wao, na huyo hakuhitaji nchi ya kubuni yenye madini ya ajabu. Alihitaji gari na suti iliyopigwa pasi.

Mzee aliniambia alipokuwa mtoto huko Jinja, kijana mmoja tu wa mtaa wao ndiye alikuwa na pesa ya kununua. Yeye alishika gazeti, wengine kumi wakasimama nyuma yake. Wa nyuma walipiga kelele: "Usifungue bado! Sijamaliza!" Malipo yalikuwa hindi la kuchoma. Asiye na hindi alisubiri kusimuliwa.

Kwa Kiswahili pia aina hii ilifika. Faraji Katalambulla wa Tanzania, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alitoa gazeti la Film Tanzania, nalo hadithi zake zilikuwa za picha. Yaani mtu aliona kitu kizuri cha wengine, akasema hiki na sisi tunaweza, kwa lugha yetu.

Sasa hapa ndipo moyo wangu uliposimama. Aliyeigiza Spear anaitwa Jore Mkwanazi, wa Afrika Kusini. Kabla ya hapo alikuwa boi wa nyumbani na mpiga piano. Nchini kwake, sheria ya mwaka 1952 ilimtaka kila Mwafrika mweusi aliyefikisha miaka 16 kuwa na kitabu cha pasi. Bila hicho kitabu, polisi wanakukamata barabarani. Tarehe 21 Machi 1960, watu waliandamana Sharpeville kupinga pasi hizo, polisi wakawapiga risasi, wakafa 69. Sheria hizo ziliondolewa mwaka 1986 tu, miaka mingi baada ya gazeti kwisha.

Fikirini. Kwenye picha Spear anaingia hoteli yoyote, anaendesha gari mji wowote, polisi wanampigia simu kuomba msaada. Kamera ikizimwa, mtu mweusi wa nchi ile anatafuta pasi yake mfukoni.

Sisi hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea, na ndiyo maana nilifika Kikuubo. Hilo tulishukuru. Lakini kila mmoja wetu anajua ile hali ya kupapasa mfuko kabla ya kupanda basi: kadi ipo? Mimi ile safari nilipapasa mara nne. Kwa hiyo ninaposoma juu ya Mkwanazi, sisomi historia ya mtu wa mbali.

Kuna jambo lingine, na hili nawaambia pia ndugu wa mashirika, kwa heshima. Sisi tunapigwa picha sana. Tuko kwenye foleni, tuko na jerikeni, tuko chini ya turubai. Picha hizo si za uongo, foleni ipo kweli. Lakini hatujawahi kuulizwa tungependa kusimama vipi. Watu waliomsoma Spear waliona mweusi mwenye akili, aliyevaa vizuri, anayetatua shida badala ya kuwa ndiye shida. Mzee alisema ilimfanya atembee akiwa amenyoosha mgongo.

Tusidanganyane lakini. Spear hakuwa mali ya Mkwanazi. Uso ulikuwa wake, gazeti lilikuwa la Bailey. Hilo nalo ni somo: kusimama mbele ya kamera ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni nani anaandika maneno, na nani anashika gazeti likishachapwa.

Kumbukeni mwezi uliopita tulipozungumza juu ya kutengeneza hadithi yetu ya picha. Mmoja wetu akasema, "Sisi si mashujaa, sisi tunangoja chakula." Sikuwa na jibu ile siku. Sasa nina jibu dogo. Nairobi mwaka 2010 walianzisha Shujaaz, na shujaa wake Boyie ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, ana redio ya siri chumbani kwake. Kijana kama sisi. Na Spear mwenyewe alianza na mpiga piano, kofia na kamera. Simu zetu zinapiga picha.

Nilimwomba mzee aniuzie gazeti. Alikataa. Nikamuuliza basi, kurasa za mwisho zimekwenda, Spear aliponaje? Akacheka: "Alipona tu. Wiki ijayo alikuwa kwenye jalada tena." Halafu akaongeza, "Mkitengeneza lenu, niletee moja. Hili boksi lina nafasi."

Basi Jumamosi saa tisa, chini ya mwembe. Mwenye simu ya kamera nzuri aje nayo. Mwenye suti, hata ya kuazima, aivae. Mashujaa wameshajiandikisha watano. Wa kuigiza mtu mbaya hatujapata hata mmoja, tafadhali mjitolee.

Na wenye wazee nyumbani, waulizeni leo jioni: ulipokuwa mtoto, shujaa wako alikuwa nani? Andikeni majibu hapa chini.