Kutia nanga, kufunga gati

Magazeti huandika kwamba meli "imetia nanga" hata pale ilipofungwa kamba gatini. Ni mazoea yanayofaa kuachwa, na Ziwa Nyasa linaonyesha kwa nini.

Katika bandari ya Kiwira, wilayani Kyela, MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, hufunga gati: kamba hurushwa, huzungushwa kwenye nguzo, watu wakashuka.

Pasipo na gati, meli hutia nanga kweli. Mitumbwi huikaribia ubavuni. Magunia ya mchele hupokezanwa, kisha mama mwenye mtoto mgongoni.

Vyungu vya wafinyanzi Wakisi wa kijiji cha Ikombe navyo hufika sokoni Matema kwa mtumbwi. Huo huvutwa mchangani tu, yaani hupwelezwa.