Istilahi za Upambaji wa Kumbi Kubwa: Funzo kutoka Majengo ya Mawe ya Pwani

Katika makala hii tunakusudia kuyatazama maneno yanayohusu upambaji wa vyumba vikubwa vyenye dari iliyo juu sana, kama yalivyotumiwa na mafundi wa mwambao. Twafanya hivyo kwa sababu hati za ukarabati wa majengo ya kale huandikwa kwanza kwa lugha za kigeni, kisha hufasiriwa kwa ajili ya watu watakaoishika kazi yenyewe. Neno likikosewa, ukuta ndio utakaolipa.

Tuanze na chumba chenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja upana wa chumba uliamuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa pwani na kuuzwa hata Uarabuni. Boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa kupita kiasi cha mita 3. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyetaka ukumbi wa fahari hakuupanua; aliurefusha na kuuinua. Hapa pana tatizo la kwanza la istilahi. Tukisema “chumba kirefu”, hatujabainisha kama ni kirefu kwenda mbele au kwenda juu. Fundi anayekisia chokaa ya kutosha kuta nne hawezi kuridhika na neno hilo. Lugha yetu inalo neno “kimo”, nalo lafaa litengwe kwa kipimo cha kutoka chini hadi darini, ili “urefu” ubaki kwa kipimo cha ulalo.

Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapondwa hata ikashikamana. Kitu hicho kimoja kilikuwa dari kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu. Huenda ndiyo maana neno “sakafu”, ambalo katika Kiarabu lina maana ya paa au dari, kwetu limekuwa jina la mahali pa kukanyaga. Mfasiri anayetegemea asili ya neno peke yake atapotea. Hana budi kulijua jengo.

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mjini Unguja. Nguzo za chuma na mihimili ya chuma zilivunja mpaka uliowekwa na boriti: vyumba vikawa vipana, na kimo cha dari na baraza zake kikawa cha kustaajabisha. Milango ilichongwa na kutiwa maandishi ya dhahabu. Lakini kuta zilibaki za mawe na chokaa, kama za nyumba za jirani.

Kuhusu kuta hizo, Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kutomea ni kujaza nafasi baina ya mawe kwa vijiwe na chokaa. Kupiga lipu ni kuusawazisha ukuta. Kupaka chokaa ni kuufanya mweupe. Kutia nakshi ni kuchora au kuchonga mapambo, kama yanayoonekana katika zidaka za Lamu, vile vishubaka vilivyowekewa vyombo vya kaure. Na yule anayefanya kazi karibu na dari husimama juu ya jukwaa, neno ambalo leo twalisikia zaidi katika michezo ya kuigiza na mikutano, ilhali waashi walikuwa nalo zamani.

Sasa kazi zote hizi zikifasiriwa kwa maneno mawili tu, “kupaka rangi”, hasara yake si ya lugha pekee. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuachia unyevu huo utoke. Ukifunikwa kwa saruji au kwa rangi za kisasa zisizopitisha unyevu, maji hunaswa ndani, na lipu hubanduka vipande vipande. Hati iliyokusudia chokaa ikasema rangi, imeagiza uharibifu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba maneno ndiyo yaliyoiangusha. Twasema tu kwamba majengo haya hayatoi nafasi ya kubahatisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, “kimo” kitumike kwa kipimo cha kwenda juu. Pili, “rangi” na “chokaa” zisichanganywe katika hati yoyote ya ukarabati. Tatu, kabla ya kubuni istilahi mpya ya ujenzi, waashi waulizwe kwanza. Huenda neno tunalolitafuta ofisini bado liko jukwaani.