Mbiu ya Uongo na Mbiu ya Kweli Kutoka Angani

Katika somo letu la historia leo tutatazama juu, kupita mawingu.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walitia sahihi mkataba mjini Moscow: wasijaribu tena mabomu ya atomiki hewani, anga za juu, wala chini ya maji. Lakini mmoja akivunja ahadi kwa siri, mbali huko nyuma ya mwezi, nani atajua? Marekani ikarusha vyombo vilivyoitwa Vela, viwili viwili, vizunguke dunia vikilinda. Bomu la atomiki likipasuka hutoa mionzi ya gama. Jicho la mtu haliioni, lakini Vela iliweza kuipokea.

Taabu ni kwamba vyombo hivi hupiga mbiu za uongo. Chembe ndogo mno zirukazo angani hukigonga chombo, nacho huandika kana kwamba kimepata mionzi. Na kumshtaki jirani mwenye mabomu kwa mbiu ya uongo, hatari yake mnaiona wenyewe.

Dawa yake ilikuwa kama ya barazani kwetu: shahidi mmoja hatoshi. Chembe hugonga chombo kimoja. Mionzi itokayo mbali hufika kwa vyote viwili. Mwaka 1969 Ray Klebesadel na Roy Olson wa Los Alamos, Marekani, walilinganisha maandishi ya Vela. Wakaona kwamba tarehe 2 Julai 1967 vyombo zaidi ya kimoja viliandika jambo lile lile kwa wakati mmoja. Basi haukuwa uongo. Wala halikuwa bomu! Mmweko wa bomu huisha kabla hujapepesa jicho. Huu ulidumu sekunde kadhaa, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

Hawakukimbilia kutangaza, nami nawasifu kwa hilo. Walingoja Vela mpya zenye kupima wakati vizuri zaidi. Mionzi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Chombo kilicho upande inakotoka huipata kwanza, cha ng'ambo huipata baadaye kidogo, hata sekunde moja haitimii. Kwa tofauti hiyo walijua kwamba haikutoka duniani wala kwenye jua. Mwaka 1973, pamoja na Ian Strong, walichapisha habari za mimweko 16.

Ilitoka wapi, basi? Tarehe 28 Februari 1997 chombo cha Waitalia na Waholanzi, BeppoSAX, kilipata mmweko mwingine. Habari zake ziliteremshwa katika kituo cha Malindi, pwani ya Kenya. Darubini zikaelekezwa mahali pale, zikakuta nuru hafifu ikizidi kufifia, na papo hapo kundi la nyota lililo mbali mno.