Kastadi na Makaa ya Mombasa

Msomaji, ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hasa mwezi wa Ramadhani, utakutana na harufu ya mayai, sukari na iliki. Huenda ni mkate wa mayai unaookwa. Huenda ni kastadi iliyomiminwa juu ya unga uliokandwa kwa siagi, kisha ikanyunyiziwa chembechembe za unga na sukari. Wako wasemao mara moja, "Mapishi hayo tuliachiwa na Wareno." Je, ni kweli?

Tutazame miaka kwanza. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka 1729. Kile kimkate cha mayai na maziwa kinachosifiwa sana Ureno kilianza kuuzwa Belém, mjini Lisbon, mwaka 1837, ijapokuwa watawa walikuwa wakikipika zamani zaidi. Basi kuwako kwa ngome karibu na jiko si ushahidi.

Sasa tuyaulize maneno. Meza, kasha, leso na mvinyo yalitoka kwa Wareno. Sukari na tanuri yalitoka kwa Waarabu. Yai, unga na maziwa ni ya asili yetu ya Kibantu. Kastadi na keki ni ya Waingereza, ambao utawala wao pwani ulianza mwaka 1895. Hata nafaka ililetwa: Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka, bali waliletewa. Waona, basi, kwamba chakula kimoja chaweza kuwa na wazazi wengi.

Lakini kipo kitu ambacho majina hayo hayakitaji, nacho ni ufundi. Asiye na tanuri aliokaje? Mpishi aliteleka sufuria juu ya makaa machache, akaifunika kwa sinia, kisha akapalia makaa mengi juu yake. Moto wa chini ulipaswa kuwa mpole, kwani ukizidi mayai hukatika, maji yakajitenga, na kastadi ikaharibika. Ufundi huo umeingia hata katika usemi wetu: kumpalia mtu makaa ni kumtia matatani. Jambo la jana halizai usemi kama huo. Ni dalili kwamba desturi hii imekaa siku nyingi.

Ngome ya Yesu ni ya mawe, nayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Majina ya makapteni wake yameandikwa. Majina ya wanawake waliojua kipimo cha makaa hayakuandikwa, na sasa jiko la gesi na la umeme yameingia nyumbani. Ujuzi huo ukifa, hakuna atakayeufukua ardhini.

Kwa hiyo, msomaji, mwendee bibi yako na daftari. Muulize makaa yalikuwa kiasi gani, sufuria ilikuwa ya namna gani, naye alifundishwa na nani. Andika jibu lake pamoja na tarehe. Hiyo nayo ni kazi ya mwanahistoria, na wewe waweza kuianza leo.