Chombo kipandishwe lini? Hesabu ya matengenezo kwenye pwani ya Bagamoyo

Jina la Mlingotini, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Bagamoyo, linatukumbusha mlingoti. Mlingoti ukivunjika kila mtu anauona. Mbao zilizo chini ya maji ndizo zenye siri. Kuna kiumbe wa jamii moja na chaza anayeingia kwenye ubao akiwa mdogo kama chembe ya mchanga, akakulia humohumo huku akichimba. Nje utaona vitundu tu, kumbe ndani pameshakwisha.

Tatizo hili ni la kale. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu iliyopewa jina hilo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Majahazi ya misumari nayo yalikuwa na dawa yake: kukalafati nyufa kwa pamba yenye mafuta, kuunguza mbao za chini kwa moto wa makuti, kisha kupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Kazi hiyo inataka chombo kikae pakavu. Maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila baada ya siku 15 hivi. Kwa hiyo swali la nahodha ni hili: nisubiri bamvua ngapi? Majahazi ya Uarabuni yaliyoletwa na kaskazi yalikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwani yalitengenezwa yakisubiri kusi. Muda huo ungepotea tu.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme kupandisha chombo kunakula siku 2 za uvuvi, na chombo kikiharibika baharini unapoteza siku 40 zaidi. Tuseme pia uwezekano wa kuharibika ni 1% ukisubiri bamvua moja, 3% ukisubiri mbili, na 9% ukisubiri tatu. Gawanya hasara kwa idadi ya bamvua: unapata siku 2.4, kisha 1.6, kisha karibu 1.9. Bora mbili! Ukiwahi mno unapoteza, ukichelewa mno unapoteza vilevile.

Mwaka 1960 Richard Barlow na Larry Hunter walichapisha kanuni za hesabu ya aina hii. Sharti lake ni muhimu: kuwahi kunalipa pale tu ambapo hatari inaongezeka kadiri kitu kinavyozeeka, na kuharibika ghafla kunagharimu zaidi ya kutengeneza kwa mpango. Mbao za chini zinatimiza sharti hilo. Mlingoti mzima unaovunjwa na dhoruba hautimizi: ungeweka mpya jana, dhoruba ingeuvunja leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli kabisa, ila hawakusema uuzibe lini. Basi kabla ya kupanga ratiba ya pampu ya kijiji au basi la abiria, jiulize kwanza: hiki kinaharibika kama ubao, au kinavunjika kama mlingoti?