Umoja wa Mpira wa Meza wa Asia: kuzaliwa kwake, Mei 1972

Mwaka 1972, mafundi wa Kichina na vijana wetu walipokuwa wakiisogeza reli ya TAZARA kuelekea Tunduma, Beijing nako walikuwa na ujenzi wao. Mwezi Mei vyama vya mpira wa meza vya Asia vilikutana huko vikaunda umoja mpya. Kwa Mtanzania wa Mkwajuni habari hii si ya mbali kama inavyosikika, maana siasa zilizoileta reli kusini mwetu ndizo zilizouzaa umoja huo.

Asia ilikuwa na shirikisho tangu 1952, mwaka ambao mashindano ya kwanza ya ubingwa wa bara yalichezwa Singapore. Taiwan ilikuwemo, China Bara haikuwemo. Zhuang Zedong alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, na bado bara likajipatia mabingwa wake bila Wachina!

Aliyekifungua kifundo ni Goto Koji, Mjapani aliyekuwa rais wa chama cha nchi yake na wa shirikisho la Asia. Mapema 1971 alisafiri hadi Beijing kuwaomba Wachina waje Nagoya kwenye ubingwa wa dunia, ambao walikuwa wameukosa 1967 na 1969. Waziri Mkuu Zhou Enlai alimpokea mwenyewe. Goto kisha akawataka wenzake wa shirikisho la Asia waiondoe Taiwan ili China iingie; walipokataa, akajiuzulu. Kila mtu husimulia jinsi Mmarekani Glenn Cowan alivyopanda basi la Wachina kule Nagoya, Zhuang akampa zawadi ya kitambaa cha hariri. Kisa kizuri, lakini bila safari ya Goto basi lenyewe lisingekuwepo.

Oktoba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliirudishia China kiti chake, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alikuwa mstari wa mbele katika kuipigania. Novemba, Beijing ikawakaribisha wachezaji wa Asia na Afrika chini ya kaulimbiu ya urafiki kwanza, ushindani baadaye. (Kiwanda cha nguo ambacho Wachina walitujengea Ubungo nacho kiliitwa Urafiki.)

Umoja mpya, uliozaliwa Mei iliyofuata, uliandaa mashindano yake ya kwanza Beijing, Septemba 1972, na ya pili Yokohama, 1974. Mwaka 1975 Shirikisho la Kimataifa likautambua, na lile la zamani likapoteza nafasi yake.